Je, wajua? Albamu iliyofikishwa mahakamani kwa sababu ya bango

Kwa miaka mingi nilisimulia, tena kwa kujiamini, kwamba Dead Kennedys, bendi ya panki (roki ya kasi na hasira) ya San Francisco, ilifikishwa mahakamani kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake. Nilikosea, na si kosa la pembeni: nilikuwa nimeigeuza kesi nzima miguu juu.

Kilichonipotosha ni mwaka. Albamu yao Frankenchrist ilitoka 1985, mwaka uleule ambao Tipper Gore na wake wengine wa vigogo wa Washington walianzisha kampeni dhidi ya maneno machafu kwenye muziki, na Seneti ikakaa Septemba kuwasikiliza. Ukisikia kwamba mwaka uliofuata polisi walivamia nyumba ya mwimbaji wao, Jello Biafra, unajumlisha moja na moja. Halafu sisi tuliozoea kusikia BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, imefungia wimbo, akili inakimbilia kwenye mashairi moja kwa moja.

Mashairi yenyewe kweli yanachokoza. Yanamdhihaki bosi anayemtupa mfanyakazi nje ili mashine ichukue nafasi yake, yanaicheka televisheni ya muziki, wanamichezo wa shule wanaoabudiwa, hata bendera ya Marekani. Biafra anayaimba kwa sauti ya kutetemeka, kama mtu wa matangazo ya biashara aliyepandwa na pepo. Lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa mstari hata mmoja.

Kilichoshtakiwa ni karatasi. Ndani ya jalada mlikuwa na bango lililokunjwa, mchoro wa H. R. Giger, yule Mswisi aliyebuni dude la filamu ya Alien: safu juu ya safu za viungo vya uzazi vikiwa kazini, vimepangwa kama vipuri vya kiwandani. Binti mmoja wa California alimnunulia mdogo wake albamu hiyo, mama yao akaliona bango, akalalamika serikalini. Mwaka 1986 Biafra na wenzake wanne wakashtakiwa kwa kusambaza kitu chenye madhara kwa watoto. Adhabu ya juu ilikuwa mwaka mmoja jela na faini ya dola 2,000. Bendi, kwa njia, ilikuwa imebandika onyo lake yenyewe nje ya jalada, likisema kwamba mchoro wa ndani unaweza kumchukiza mtu, na kwamba maisha nayo wakati mwingine ndivyo yalivyo.

Sasa, sheria za Marekani kuhusu uchafu wa ngono katika kazi za sanaa huuliza swali moja gumu: kazi hii ikitazamwa nzima, ina thamani yoyote ya maana? Neno zito hapo ni "nzima". Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Tuseme mjini kuna majogoo wawili wamekabiliana. Jina likiwa "Wagombanao ndio wapatanao", umevaa nasaha. Likiwa la kumpiga kijembe mke mwenza, majogoo walewale wamekuwa uchokozi, na jirani atajua unamsema nani. Picha haikubadilika hata uzi mmoja. Mwendesha mashtaka alitaka juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, watazame mji tu. Utetezi ukawaomba wasome na jina. Hoja ya Biafra ilikuwa kwamba albamu nzima inahusu watu wanavyotumiana na kunyonyana, na bango ni muhtasari wake. Yaani mashairi niliyodhani ndiyo mshtakiwa, kumbe yalikuwa shahidi wa upande wa utetezi.

Agosti 1987 juri walishindwa kukubaliana: saba wakataka aachiwe, watano wakakataa. Hakimu akaifuta kesi. Wapenzi wa bendi huutaja huo kama ushindi mkubwa wa uhuru wa kujieleza, ila juri iliyogawanyika haisemi "hana hatia" na haiweki kanuni ya kufuatwa na kesi nyingine. Isitoshe, bendi yenyewe ilikuwa imeshavunjika tangu mwisho wa 1986.

Na picha ya nje ya jalada? Ni wazee wa Shriners, chama cha kindugu cha Marekani, wamevaa tarbushi na kujibana ndani ya vigari vidogo vya gwaride. Ukilitazama jalada lote, hiyo ndiyo picha ya upole kuliko zote. Nao pia walishtaki.