Nywele kunyonyoka: chanzo kinapokuwa ndani ya mwili

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kila unywele hukua miaka miwili hadi sita, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine kuchipua palepale. Ugonjwa au mshtuko unaweza kuzipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa mpigo, na hapo ndipo zinaponyonyoka kupita kiasi.

Hiyo miezi mitatu ndiyo inayowapoteza watu. Aliyelazwa kwa malaria kali mwezi Machi pale Ujiji, nywele zitaanza kujaa kwenye kitana mwezi Juni, homa ikiwa imeshasahaulika, na lawama zote zitamwangukia msusi. Ndivyo ilivyo pia baada ya kujifungua, taifodi, upasuaji, msiba au kukonda ghafla. Kabla ya kununua mafuta yoyote, rudi nyuma miezi miwili hadi minne. Ukilipata tukio, na nywele zimepungua kichwa kizima bila mabaka, subiri: mara nyingi kunyonyoka hukoma ndani ya miezi sita.

Ushike unywele uliotoka, uutazame mwangani. Ncha moja ikiwa na kijitonge cheupe kama kichwa cha pini, umetoka na mzizi. Kisipokuwepo, umekatika njiani, na kosa litafute kwenye dawa ya kulainisha au pasi ya nywele.

Usipolipata tukio, anza na damu. Hedhi nzito, mimba za karibu karibu na minyoo ya safura, inayompata anayelima peku, humaliza chuma mwilini. Wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma ikiwa imekwisha, kwa hiyo omba na kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba hiyo. Chai ya rangi ukiinywa pamoja na maharage huzuia chuma kufyonzwa. Iache ipite saa moja baada ya kula. Vidonge vya chuma navyo visubiri majibu ya maabara.

Tezi ya shingo, ile inayovimba ikawa goita, ikizembea huleta nywele kavu, nyusi kupukutika upande wa nje, choo kigumu na kuhisi baridi wenzako wakitoka jasho. Mkoani Kigoma, ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri, ukiliwa kila siku, huizuia tezi kutumia madini joto. Chumvi ya nyumbani, iwe ya Uvinza au ya dukani, lazima iwe imetiwa madini hayo. Anayemeza vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, aviache angalau siku mbili kabla ya kupima tezi, maana huharibu majibu.

Mabaka ni habari nyingine. Mtoto mwenye magamba na nywele zilizokatika ana mapunye: krimu pekee haifiki kwenye mzizi, anahitaji vidonge vya griseofulvini, dawa ya fangasi, wiki sita hadi nane, avimeze na chakula chenye mafuta, karanga kwa mfano. Baka laini la mviringo, lisilo na magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi. Mabaka madogo madogo yaliyotapakaa kama yaliyotafunwa yapimwe kaswende.

Utosi ukiwaka au kuuma, na ngozi ikawa inang'aa bila vitundu vya nywele, usingoje miezi. Mzizi ukishageuka kovu haurudi. Nenda mapema hospitali ya mkoa, Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora, umwone daktari wa ngozi au uombe rufaa.