Taa za LED za kufungia pikipiki: yanayosemwa Kigoma kuhusu kudumu kwake, na ukweli wake

Anayeingia kwenye duka la spea, iwe Mwanga au Ujiji, hakosi kuonyeshwa seti ya LED ya kubadilishia taa ya mbele ya pikipiki, na boksi lake mara nyingi limeandikwa kwamba taa hiyo itawaka kwa saa 30,000 au 50,000. Madereva wa bodaboda wana sababu ya kuyaamini maandishi hayo, kwa kuwa wamewaona wavuvi wa dagaa wakiacha karabai na kuingia Ziwa Tanganyika na taa za LED. Lakini taa ya mvuvi hupata umeme uliotulia kutoka kwenye betri, hupigwa na hewa ya ziwani usiku kucha, wala haijui mashimo ya barabarani. Taa ya pikipiki haina hata kimoja kati ya hivyo, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoanzia.

“Boksi limesema saa 50,000, kwa hiyo itaishi kuliko pikipiki yenyewe”

Dereva anayewasha taa kwa muda wa saa 4 kila usiku angehitaji miaka 34 kuzimaliza saa 50,000. Idadi hiyo si uongo mtupu, ila inahusu chipu peke yake, yaani kile kipande kidogo cha njano kinachotoa mwanga, kikiwa kimepimwa maabara katika joto linalodhibitiwa. Tena kwa kawaida saa hizo huhesabiwa hadi mwanga unapobaki asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na si hadi taa inapozimika kabisa.

Kinachokufa kwanza ni vitu ambavyo boksi halivitaji. Nyuma ya chipu ipo saketi ndogo ya kudhibiti umeme, na ndani yake mara nyingi zimo kapasita za elektroliti, yaani vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda, ambavyo umri wake hupungua takriban kwa nusu kila joto linapoongezeka nyuzi 10 za Selsiasi. Seti nyingi zina pia feni ndogo mno, ambayo ikishajaa vumbi jekundu la kiangazi huanza kulia, kisha hukwama, na kuanzia hapo chipu iliyotengenezwa iishi miaka huanza kuishi kwa wiki au miezi.

Wapo wanaosema LED haina joto kwa sababu ukiweka mkono mbele ya kioo husikii kitu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya umeme unaoingia hugeuka kuwa joto vilevile, isipokuwa joto hilo halitoki na mwanga bali hubaki kwenye kitako cha balbu, nyuma, mahali pasipo na upepo. Dalili yake huonekana mapema kwa anayejua kuangalia. Mwanga mweupe wa LED hutokana na chipu ya bluu iliyofunikwa kwa tabaka la fosfori ya njano. Tabaka hilo likichoshwa na joto, mwanga huanza kuelekea kwenye ubluu. Dereva anayefurahi kwamba taa yake imezidi kuwa ya bluu anashangilia ugonjwa.

“Imeungua kwa sababu ni feki”

Bidhaa hafifu zipo, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu muuza duka ni vyema kuuliza umeme unaofika kwenye taa ni wa aina gani, kwa sababu hapa ndipo seti nyingi nzuri zinapouawa bila hatia.

Katika pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele haichukui umeme kwenye betri. Inachukua moja kwa moja kwenye koili zilizo karibu na sumaku ya injini, na umeme huo ni wa mkondo geu, unaopanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Balbu ya halojeni haijali, kwa kuwa ni uzi tu unaopata moto. Seti ya LED iliyotengenezwa kwa mkondo mnyoofu wa betri hujali sana: itapepesa injini ikizunguka polepole, na saketi yake itachoka kwa kupigwa mfululizo na umeme isioutarajia. Namna ya kuipima pikipiki ni rahisi. Ikiwa taa ya mbele haiwaki mpaka injini iungurume, na mwanga unapanda ukivuta mafuta na kufifia ukiyaachia, uwezekano ni mkubwa kwamba taa hiyo inalishwa na koili.

Fundi makini hatachomeka seti kwenye pikipiki ya namna hiyo na kupokea fedha yake. Atavuta waya mpya kutoka kwenye betri, aweke fyuzi karibu na betri na relei, yaani swichi ya umeme, inayoamriwa na swichi ya zamani, kisha apime kama mfumo wa kuchaji unaweza kubeba mzigo huo. Kwa volti 12, LED ya wati 20 hula ampea 1.7 hivi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 5 iliyo nzima ingeisha kwa takriban saa 3 taa ikiachwa inawaka injini imezimwa. Ni kazi ya ziada na gharama ya ziada, nami sioni sababu ya kufunga seti ya bei kubwa huku kazi hiyo ikirukwa.

Jambo la pili ni rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme wa koili uifae betri na kuzuia volti zisizidi. Pikipiki yenye betri, injini ikiwa imechanganya, inapaswa kuonyesha volti 13.5 hadi 14.5 kwenye mita. Ikipita 15, rektifaya imekufa au inakaribia, na kila taa itakayofungwa itafuata njia ileile, iwe feki au orijino.

“LED haina uzi, kwa hiyo mtikisiko hauiwezi”

Uzi kweli haina. Ina viungo vya risasi, waya mwembamba, soketi, na feni yenye mhimili. Zaidi ya hayo, seti ni nzito kuliko balbu ya halojeni, na uzito huo wote unaning’inia kwenye kishikizo kilichosanifiwa kwa balbu nyepesi ya kioo. Barabara za vijijini za Uvinza au Buhigwe hulegeza kishikizo kwanza. Chipu husogea kidogo kutoka mahali ambapo uzi ungekaa, na taa inayowaka vizuri kabisa huanza kumulika miti badala ya njia.

“Ina IP67, ioshe tu kwa presha”

IP67 maana yake ni kwamba vumbi halipenyi, na kwamba kifaa kipya kilivumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha hadi mita moja kwa dakika 30. Maji ya mashine ya presha ni jaribio jingine kabisa. Tena alama hiyo ni ya balbu, wala haihusu nyumba ya taa. Fungua taa nyingi zilizobadilishwa na utakuta kifuniko cha mpira cha nyuma kimekatwa kwa kisu ili mkia wa seti upite, tundu likiwa pana kuliko mkia wenyewe. Kupitia hapo huingia vumbi kuanzia Juni na unyevu kuanzia Novemba, na kiakisi, kile kinachorudisha mwanga mbele, kilichokuwa kinang’aa huwa na ukungu wa kahawia usiofutika. Mwenye pikipiki hubadilisha LED mara ya pili, asijue kwamba kilichokufa ni kiakisi.

“Halojeni ni ya kizamani, haidumu”

Halojeni hudumu saa mia kadhaa hadi elfu moja hivi, na volti ikizidi kwa asilimia 5 tu umri huo hupungua karibu nusu. Nyingine huuawa na vidole, kwani mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kioo chake huungua na kukidhoofisha. Pamoja na hayo ina sifa moja ambayo wauzaji wa LED hawaitaji: uzi wa dimu ukikatika, ule wa ful hubaki, na msafiri hufika. Seti nyingi za LED hutumia saketi moja kwa mianga yote miwili, kwa hiyo ikizimika, zote huzimika pamoja. Anayetoka Kasulu saa mbili usiku na atunze balbu yake ya zamani chini ya kiti, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, na soketi yake isikatwe wakati wa kufunga seti.