Programu ya simu inayojua kuwa leo ni usiku wa mbalamwezi

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, hahitaji simu imfundishe kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa zake hazivuti samaki. Hilo analijua tangu utotoni. Anachohitaji ni programu inayolijua pia.

Programu za namna hii hutambua muktadha: husoma mahali, saa, upepo na chaji ya simu, kisha hubadili ushauri zenyewe. Mwaka 2001 mtafiti wa kompyuta Anind Dey aliueleza muktadha kuwa taarifa yoyote inayoonyesha hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika na matumizi ya programu. Ni maelezo mapana, na wengi hupotelea hapo kwa kukusanya kila kitu ambacho simu inaweza kupima.

Kinga yake ni kuanza na maswali; kodi, yaani maagizo ya programu, ije baadaye. Kaa mwaloni na wavuvi, waanika dagaa na afisa uvuvi, uliza wanataka kujua nini. Chombo kipi kiko mbali na mwalo wake upepo ukiongezeka? Usiku huu unafaa kwa uvuvi wa taa? Majibu ndiyo hujenga ontolojia, yaani maelezo ya vitu na uhusiano wao ambayo kompyuta inaweza kuyatumia kukata shauri. Jambo lisilojibu swali lolote, liache. Baadaye maswali yale yale hutumika kuijaribu programu.

OWL, lugha ya kuandikia ontolojia iliyoidhinishwa mwaka 2004 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ina tabia inayowasumbua waliozoea hifadhidata: kukosa taarifa hakuhesabiwi kuwa "hapana". Kama hakuna kipimo cha upepo, mfumo hauruhusiwi kuhitimisha kwamba ziwa limetulia. Kwa maoni yangu, hiyo pekee inatosha kuichagua kwa kazi ya ziwani, ambako mtandao hukatika na kipimo cha asubuhi kinaweza kusomwa usiku kana kwamba ni kipya. Kwa hiyo kila taarifa ibebe saa yake na chanzo chake. Simu ya bei nafuu ipewe kanuni chache tu; hesabu nzito zibaki kwenye seva.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, programu yenye kanuni zake kwenye ontolojia ingeongezewa tu kipindi cha katazo na vyombo vinavyohusika. Ile iliyozitawanya ndani ya kodi ingerekebishwa huku na kule, kisha kila mvuvi aipakue upya, kwa bando lake.