Hatua ya cheni: kipimo cha kwanza kwa gari la nchi kavu na majini

Gari la nchi kavu na majini lenye magurudumu 6 au 8 huzungusha magurudumu yake kwa cheni, na hatua ya cheni ni umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Umbali huo ndio unaoamua kama meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, yataingia sawasawa kati ya rola (vipande vya mviringo vinavyozunguka juu ya pini) au yatazipanda, na kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuutaja kabla hajauliza bei.

Katika kiwango cha Marekani, tarakimu ya kwanza ya namba ya cheni huhesabu thumuni za inchi: namba 50 ina hatua ya inchi 5/8, yaani milimita 15.875, na namba 60 ina milimita 19.05. Cheni za pikipiki hufuata hesabu hiyohiyo. Ile ya 428, inayotumiwa na bodaboda nyingi na kupatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ina hatua ya milimita 12.7, na haiwezi kufanya kazi kwenye sproketi ya namba 50 hata ukiikata kwa urefu ule ule.

Kulingana kwa hatua, hata hivyo, hakutoshi. Cheni ya 12B ya kiwango cha Uingereza ina hatua sawa kabisa na ya namba 60, lakini ni nyembamba zaidi kwa ndani na rola zake ni nene kidogo, hivyo jino la sproketi ya namba 60 hubanwa ndani yake. Kwa macho hazitofautiani sana. Soma namba iliyogongwa kwenye bamba la pingili.

Gari la nchi kavu na majini huzitesa cheni kuliko pikipiki, kwa sababu hugeuka kwa kuzuia magurudumu ya upande mmoja huku ya upande wa pili yakiendelea kuvuta, na maji na matope yakiingia ndani hulowesha cheni zenyewe. Ndiyo maana napendelea aina ya 60H kuliko 60 ya kawaida, kwa kuwa mabamba yake ni mazito zaidi, mradi fundi ahakikishe kwamba haitakwaruza bodi.

Mafundi husema cheni imevutika, ingawa kwa kweli kinacholika ni pini na bushi (mrija unaoizunguka pini), na kila ulaji huo huiongeza hatua kidogo kidogo mpaka cheni ianze kuruka meno. Ili kuupima, ivute cheni ikaze, kisha upime pingili 16 kutoka pini hadi pini: cheni mpya ya namba 50 huonyesha milimita 254, na ikifika takriban 261.6, ambayo ni ongezeko la asilimia 3, imekwisha. Kagua pia sproketi wakati huo, kwa sababu meno yaliyopinda kama ndoana yataila cheni mpya upesi. Cheni unayofunga ikiwa fupi kidogo kuliko inavyohitajika, usiiunganishe kwa nusu pingili, ambayo ni dhaifu kuliko pingili nzima; nunua urefu kamili.