Shelisheli halina mbegu, na hakuna anayezificha

Wiki hii tu wameshanipigia watu wanne na swali ni lilelile: "Bwana shamba, mbegu za mshelisheli unauzaje?" Siuzi kwa sababu hazipo. Halafu juzi akaja mama mmoja mtu mzima hapa kitaluni, kapanda daladala mbili, ana kifuko cha mbegu alizouziwa sokoni na kijana asiyemjua, eti za shelisheli. Kuzitazama tu, mbegu za fenesi. Nyingine kashazipanda na zimeota, kwa hiyo yeye anajua ana mishelisheli minane nyuma ya nyumba. Nikamuuliza, mama, majani yake yakoje? Akasema madogo, yanang'aa, hayana mikato. Basi nikaelewa ana mifenesi minane. Iliniuma sana kumwambia.

Kinachonichosha zaidi ni wale wanaosema sisi wa vitalu tunazijua mbegu ila tunaficha ili tuuze miche ghali. Jamani. Pasua shelisheli lolote unalolijua, la Unguja, la Pemba, la Tanga, la Mombasa, utakuta nyama nyeupe na kitovu katikati, basi. Ndizi mnazila kila siku na sijawahi kusikia mtu akiulizia mbegu za mgomba, mnachimba chipukizi mnapanda. Shelisheli ni habari hiyohiyo.

Sasa kwa nini halina mbegu, hapo ndipo watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki wanapoingia, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Ndugu yake wa porini yupo New Guinea, kile kisiwa kikubwa kaskazini mwa Australia, mpaka leo, tunda lake limejaa mbegu kubwa kubwa, na wenyeji wanachokula hasa ni hizo mbegu, wanazichemsha au kuzichoma, nyama yake si ya maana. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita mabaharia walitoka maeneo hayo kwenda mashariki, na mitumbwi yenye magogo pembeni ya kuzuia isipinduke, ndugu zake ngalawa zetu, wakafika Fiji, Tonga, Samoa, na baadaye wajukuu wao wakafika Tahiti, Marquesas na Hawaii. Kwenye kila kisiwa walichagua mti wenye nyama nyingi na mbegu chache, wakachukua chipukizi la mti huo, wakaondoka nalo. Ndiyo maana ukitazama ramani unaona kitu cha ajabu, magharibi matunda yana mbegu tele, ukisogea kati zinapungua, ukifika Polinesia ya mashariki, yaani huko Tahiti, Marquesas na Hawaii, karibu hamna kabisa. Mingi ya miti ile ina kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, seti tatu badala ya mbili, na mti wa seti tatu hauwezi kugawanya sawasawa, mbegu haifungi. Kwa hiyo mshelisheli usio na mbegu hauwezi kuvuka bahari peke yake. Haupeperushwi na upepo, ndege habebi, hauelei kama nazi. Popote unapouona ujue kuna mtu aliubeba, akaulinda na maji ya chumvi, akaunyima jua kali, labda akagawana nao maji ya kunywa. Mtu akiniambia shelisheli ni tunda la porini linajiotea lenyewe, naona kazi ya watu wengi imefutwa kwa sentensi moja.

Na ushahidi mwingine huu hapa, mwaka 1787 Waingereza walituma meli ya Bounty, nahodha William Bligh, waende Tahiti wachukue shelisheli wakapande visiwa vya Karibi kulisha watumwa kwenye mashamba ya miwa. Mnajua walikaa Tahiti muda gani? Miezi mitano. Chumba kikubwa cha nahodha kiligeuzwa kitalu, vyungu vimepangwa kwenye rafu, miche 1,015 ikisubiriwa ishike mizizi. Kama mbegu zingekuwepo wangejaza gunia wakaondoka wiki hiyohiyo. Wakaondoka Aprili 1789, tarehe 28 mabaharia wakaasi karibu na Tonga, miche ikatupwa baharini. Bligh akarudi safari ya pili na meli nyingine mwaka 1791, na mwaka 1793 ndipo miche ikafika St Vincent na Jamaika. Kwa hiyo ile hadithi kwamba Wazungu ndio waliogundua na kulieneza shelisheli, hapana, wao walibeba miche ya Watahiti waliyoikuta imeshachaguliwa na kutunzwa tangu enzi za mababu.

Hata leo aina zake huwezi kuzihifadhi kwenye friji kama mbegu za mahindi. Hawaii kuna taasisi inaitwa Breadfruit Institute, ilianzishwa 2003, na mtaalamu wake Diane Ragone alizunguka visiwa vya Pasifiki tangu miaka ya 1980 akikusanya aina mbalimbali, zaidi ya 100 wanazo, na hasa ni miti hai imesimama ardhini, mingi kisiwa cha Maui. Mti ukifa na hakuna mwenye chipukizi lake, aina hiyo ndiyo imekwisha. Zile aina zenye mbegu nazo mbegu zake haziwekeki, ukizikausha zinakufa, tena zikiota hazifuati mama.

Sasa namna ya kupata mche, maana najua ndicho mnachotaka. Fukua taratibu chini ya mti mpaka upate mzizi unaopita juu juu, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, uchubue ganda kwa kisu, sehemu ndogo tu, halafu funika na udongo mwepesi na umwagilie. Baada ya miezi kadhaa litachomoza chipukizi. USILING'OE hapo hapo! Liache lifike urefu wa mkono mpaka kiwiko, kisha kata mzizi upande mmoja, subiri wiki kadhaa, kata upande wa pili, lipe kivuli. Wanaokata pande zote siku moja na kupanda juani ndio wanaokuja kuniambia mshelisheli ni mti mgumu. Kisu kikinata utomvu kipake mafuta ya kupikia, sabuni haisaidii kitu. Utomvu huo kule Hawaii ulikuwa ulimbo wa kunasia ndege wa manyoya ya thamani, na visiwani walizibia nao nyufa za mitumbwi. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kucheza na utomvu wa fenesi anaelewa nasema nini.

"Shelisheli ni chakula cha njaa." Hii nayo. Huku kwetu mtu anasubiri futari ya shelisheli la nazi mwaka mzima halafu ananiambia ni chakula cha shida. Pohnpei, kisiwa cha Mikronesia hukohuko Pasifiki, msimu ukianza matunda ya kwanza yanapelekwa kwa mfalme wa eneo kabla watu hawajala. Hawaii wanasimulia kwamba mungu Kū aliishi na mke wa kibinadamu na watoto, njaa ikaja, akamuaga mkewe, akazama ardhini mbele yake akaota kuwa mshelisheli, familia ikala. Raiatea, karibu na Tahiti, wana kisa kinachofanana, baba anageuka mti, mikono ikawa matawi. Chakula cha kudharauliwa hakisimuliwi hivyo. Samoa Jumapili vijana wa kiume wanaamka alfajiri kuwasha umu, tanuri lao la mawe, mawe yanapata moto, mashelisheli yanachomwa mpaka ganda linakuwa jeusi, wanalikwangua likingali la moto, kisha linapondwa na kuchanganywa na tui zito, wanaita taufolo. Zamani maganda walimenya kwa gamba la kauri lililokatwa mgongo, ukingo wake mkali kama kisu, wachimbaji wa mambo ya kale wanaziokota mpaka leo.

Na wanaosema halifai biashara kwa sababu linaoza siku mbili tatu, ni kweli likishakomaa na kuchumwa halikai. Lakini wenzetu walishalitatua zamani, wanalivundika. Visiwa vya Marquesas walichimba mashimo, wakayatandika majani, wakamenya mashelisheli wakayajaza, wakafunika majani na mawe juu, likachacha likawa donge chachu kama unga uliokandwa, linalokaa miaka, wanaliita ma. Samoa wanaita masi. Kimbunga kikipita kikaangusha kila kitu, shimo lipo. Kama tunavundika muhogo sioni kwa nini hili litushinde, na anayeona shimo ni kazi akate vipande akaushe asage unga.

"Asili yake ni visiwa vya Ushelisheli, jina si linasema?" Jina ni jina tu, asili ni Pasifiki. Wasamoa na Wahawaii wanaita 'ulu, Watahiti 'uru, Tonga na Marquesas mei, Fiji uto.

Na kwa kuwa tuko Pasifiki, kuna na mengine ninayoambiwa kuhusu vyakula vya kule. "Nanasi ni la Hawaii." Amerika Kusini. Hawaii lilivuma baada ya James Dole kuanzisha kampuni yake 1901 na kulitia kwenye makopo.

"Noni inatibu kila kitu, wazee wa Pasifiki waliinywa wakaishi miaka mingi." Nawaomba sana hapa. Noni ni tunda la mti wa visiwani kule. Wazee wale hasa walibandika majani na tunda kwenye vidonda na majipu, mizizi wakatolea rangi ya njano ya kutia vitambaa vya magome, tunda lenyewe linanuka kama jibini lililooza na walilila njaa ikizidi. Juisi ya chupa inayouzwa bei ya mbuzi ina potasiamu nyingi, mgonjwa wa figo inaweza kumdhuru. Usimwache mzazi wako aache dawa za hospitali kwa ajili ya noni.

"Ndizi zote ni ndizi." Pohnpei wana ndizi inaitwa karat, mkungu wake umesimama kuelekea juu, nyama ya rangi ya chungwa, ndiyo waliyokuwa wakiwaanzishia watoto wachanga. Ukaja mchele na unga wa ngano wa kutoka nje, karat ikaachwa, watoto wengi wakapungukiwa vitamini A. Mtaalamu wa lishe Lois Englberger alitumia miaka mingi kupima ndizi zile na kuwarudisha watu kwenye vyakula vyao, rangi ile ya chungwa ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A waliyokuwa wanaikosa.

Yule mama nilimpa machipukizi mawili. Alitaka kulipa, nikamwambia anilipe nauli ya kwenda kuitazama tu. Kaipanda masika yanaanza, mmoja kaupa kivuli cha makuti, na jana kanitumia picha, jani jipya limefunguka, kubwa kama sahani, lina mikato mitano. Kaandika chini yake: "Mwanangu, hili sasa ndilo?" Ndilo, mama.