Siku zilizoachwa wazi kwenye shajara ya pombe: dhana potofu na ukweli

Tafiti nyingi za pombe, sigara na bangi siku hizi hutumia shajara: mshiriki anaulizwa kila siku, kwa daftari au kwa ujumbe wa simu, kama jana alitumia na kwa kiasi gani. Njia hii ina faida kubwa, kwa kuwa mtu hukumbuka jana vizuri kuliko mwezi uliopita. Lakini shajara ya mwezi mzima isiyo na mapengo ni nadra, na mapengo hayo ndiyo huharibu takwimu, hasa huku kanda ya ziwa na Magharibi mwa Kenya ambako maisha ya mshiriki hayafuati ratiba ya ofisi.

"Hakujibu, basi hakunywa."

Mara nyingi hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Karani anafungua jedwali, anakuta kisanduku kitupu, anajumlisha siku za kunywa kisha anagawa kwa siku zote za utafiti. Pengo limegeuka sifuri bila mtu kusema neno.

Tuchukue mfano wa mwendesha boda boda wa Kondele, Kisumu, aliyeombwa kujibu kwa siku 30. Amejibu siku 20, na katika hizo anasema alikunywa siku 8. Ukihesabu siku alizojibu tu, alikunywa asilimia 40 ya siku. Ukiweka sifuri kwenye mapengo, unapata asilimia 27 hivi. Ukisema kila pengo ni siku ya kunywa, unafika asilimia 60. Mtu ni yule yule na majibu yake ni yale yale; kilichobadilika ni uamuzi wa aliyekaa mbele ya kompyuta.

Na hilo la mwisho, la kuhesabu kila pengo kama siku ya kutumia, lina watetezi wake. Limezoeleka kwenye tafiti za kuacha sigara: asiyejibu anaandikwa kuwa amevuta. Husemwa kwamba hii ni tahadhari. Si lazima iwe hivyo. Ukilinganisha makundi mawili, moja likipigiwa simu na mshauri kila wiki na jingine likiachwa peke yake, kundi lililoachwa huenda likakosa kujibu zaidi. Ukiwaandika wote hao kuwa wamevuta, ushauri utaonekana umefanya kazi kubwa kuliko ilivyofanya kweli.

"Mapengo huja kwa bahati tu, yatupwe."

Hapa ndipo ningependa kila mtafiti wa huku akae kidogo. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, na mashua nyingi hubaki ufuoni. Sasa mfikirie mvuvi wa Usenge, kule Siaya. Ujumbe unaingia saa mbili asubuhi: "Jana ulikunywa pombe? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana." Kama usiku ulikuwa wa giza, huyu amekesha majini, amefika nchi kavu alfajiri, amegawana mapato na wenzake na sasa amelala fofofo. Simu yake iko kibandani inachajiwa. Hajibu. Zikija siku za mbalamwezi yuko nyumbani, simu iko mkononi, anajibu kila asubuhi.

Ukizitupa siku asizojibu, unabaki na shajara ya mvuvi aliyepumzika. Siku za kazi, ndizo siku za pesa mkononi, hazimo. Na ukienda mbali zaidi ukamtoa kabisa kila mshiriki mwenye mapengo mengi, utabaki na mwalimu na mwenye duka, kisha uandike kwamba hao ndio wakazi wa ufuoni.

Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alieleza ni lini sababu ya pengo inaweza kuachwa kando na ni lini haiwezi. Kwa maneno mepesi: kama pengo linategemea kitu ulichokirekodi, kama giza la mwezi, siku ya wiki au aina ya kazi, unaweza kukiingiza kitu hicho kwenye hesabu na kurekebisha. Tarehe za mwezi kuandama na mwezi mpevu ziko kwenye kalenda, hazihitaji hata kumuuliza mtu. Vivyo hivyo kipindi cha Aprili hadi Julai ambacho uvuvi wa omena hufungwa kisheria.

Kazi ngumu ni pale jibu lenyewe linapozaa pengo: mtu hakujibu kwa sababu alilewa, au kwa sababu anaogopa. Tangu sheria ya mwaka 2010 chang'aa, pombe kali ya kienyeji, inaruhusiwa, ila kwa leseni tu, na nyingi inayonywewa mitaani haina leseni. Msako ukipita mtaani, wiki hiyo mshiriki ana sababu nzuri ya kunyamaza. Hakuna kipimo cha takwimu kitakachokuthibitishia hilo kutoka kwenye majibu uliyonayo peke yake.

"Shajara iliyojaa ndiyo nzuri."

Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa wagonjwa wa maumivu sugu waliopewa shajara za karatasi. Ndani ya jalada kulifichwa kihisi cha mwanga kilichorekodi kila lilipofunguliwa. Kwa mujibu wa karatasi, wagonjwa walijaza kwa wakati mara 90 katika kila 100. Kwa mujibu wa kihisi, mara 11. Waliotumia kifaa cha kielektroniki chenye kurekodi saa walifikia 94. Afadhali pengo la kweli kuliko wiki nzima iliyojazwa Ijumaa jioni kwa kalamu moja.

Pengo jingine huletwa na swali lenyewe. Busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, hunywewa kutoka nyungu moja, watu wameizunguka, kila mmoja na mrija wake. Umuulize mzee wa Kakamega alikunywa vikombe vingapi, ataacha wazi, na ana haki. Muulize alikaa kwa muda gani na alichanga shilingi ngapi.

"Kujaza pengo ni kubuni data."

Ukibandika wastani, au jibu la Jumapili juu ya Jumatatu, lawama hiyo unastahili. Njia aliyoieleza Rubin katika kitabu chake cha mwaka 1987 ni tofauti: kila pengo hukisiwa mara kadhaa, kwa kutumia siku jirani, kazi na kalenda, kisha matokeo huunganishwa ili shaka ya makisio ibaki ndani ya jibu.

Kabla ya hapo, mpigie mshiriki. Mpitishe kwenye kalenda, kwa mtindo wa watafiti wa pombe Linda na Mark Sobell: siku ya soko, matanga ya Jumamosi, siku ya malipo. Andika sababu ya kila pengo, na majibu ya simu hiyo yawekewe alama kwamba ni ya kumbukumbu. Kisha rudia hesabu ukichukulia kwamba walionyamaza walikunywa zaidi kidogo, halafu zaidi sana. Hitimisho likigeuka, msomaji alione hilo kwenye ukurasa ule ule wenye matokeo, si kwenye kiambatisho.