Kondakta wa daladala naye analindwa na sheria ya kazi

Katika makundi ya WhatsApp ya Kigoma unazunguka ujumbe wa siku nyingi usemao kwamba sheria ya kazi humlinda mtumishi wa serikali peke yake. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu pia waajiriwa wa sekta binafsi, ikimtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi na kuweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kima cha chini cha mshahara nacho husomeka katika Gazeti la Serikali. Mkanganyiko unatokana na hesabu, yaani fedha za kila siku za mwenye gari: dereva au kondakta wa daladala za Mwanga na Ujiji anayempelekea tajiri (mwenye gari) fedha hizo jioni na kubaki na kinachozidi huonekana amejiajiri, ilhali gari na saa za kazi huenda vyote vinaamuliwa na tajiri. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo, kwani unawafanya vijana wetu waache kudai mkataba.